Waliosema Mchanga Uko Njiani

Siku yangu ya mwisho kazini nilipewa keki yenye picha ya lori, blanketi na saa ya ukutani. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu hupewa saa siku anapoacha kuihitaji. Kisha vijana wa ofisi ya ununuzi wakaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kuwasaidia. Nadhani walitaka ukurasa mmoja wa nasaha waubandike karibu na kalenda. Poleni sana. Mimi nilizaliwa kando ya ziwa, na kwetu mtu akiombwa neno moja huvuta kiti kwanza.

Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vyangu vilichelewa kuliko simiti ya msimu wa mvua, na mkitaka kujua mishahara, kaulizeni wenyewe. Nitaandika kazi yenyewe, yaani kuhakikisha kwamba fundi akinyoosha mkono kutaka mchanga, mchanga upo.

Niliajiriwa na Bi Kemunto, ambaye wengi wenu mnamjua kama picha iliyo pale mapokezi. Alikuwa akiuza misumari na mabati katika duka lake mjini Kisii. Akachoka kuona watu wakijenga nyumba zilizopinda kwa misumari yake mizuri, akaamua kujenga mwenyewe. Usaili wangu ulikuwa na swali moja tu.

"Unaweza kukataa kitu?"

Nikasema naweza.

"Haya, kataa hii chai."

Ilikuwa asubuhi ya baridi ile ya Kisii inayoingia hadi kwenye meno. Nikaipokea chai kwa mikono miwili. Bi Kemunto alicheka, akasema nitajifunza, akaniambia nianze siku hiyo hiyo.

Aliyenifundisha kukataa ni Mzee Ondieki, mtunza stoo wetu. Aliniita Omogere, kama Wakisii wanavyotuita sisi watu wa ziwani, bila ubaya na bila kuomba ruhusa. Mimi nikamwita mzee wa ndizi, tukawa sawa. Vifaa vyake vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa chuma kirefu chenye ncha. Lori la kokoto likiingia yadini, Mzee alipanda juu yake akakichoma chuma hadi chini, hapa na pale, huku akisikiliza. Katika juma langu la kwanza chuma kilizama pasipo kelele. Tukafukua, tukakuta magogo ya mgomba yamepangwa vizuri chini ya kokoto. Mwenye lori alishangaa kuliko sisi.

"Hii ni kokoto ama ni shamba?" Mzee akamuuliza.

"Mzee, hata mimi sijui nani aliweka."

"Basi peleka kwa mwenye alipanda."

Kifaa cha pili kilikuwa chupa tupu ya soda. Tia mchanga hadi nusu, jaza maji, tikisa, kisha uiache juu ya meza ukaendelee na kazi nyingine. Mchanga utatua chini na tope litakaa juu yake. Tope likiwa nene, lori linarudi lilikotoka. Mzee alisema mchanga ni kama mchumba, usimhukumu akiwa bado anacheza, mwache atulie. Malori yote yalipitia yadi yetu ya mjini kwa ajili ya chuma na chupa, hata kama kazi ilikuwa mbali huko Nyamira. Msiwaache wenye malori wawashawishi kwamba ni kupoteza mafuta.

Somo langu la kwanza gumu lilikuwa Nyacheki, tulipojenga madarasa. Nilipanga kila kitu kama mwanamke mwenye akili. Simiti ilifika mapema, lori zima. Kitu pekee kilichokosekana ni binadamu wa kuishusha. Hakukuwa na kibarua hata mmoja, maana ilikuwa siku ya kupeleka majani ya chai kituoni, na mkulima wa Nyacheki siku hiyo hata umwitie mazishi yake mwenyewe atakuomba usubiri apime chai kwanza. Tulikaa na dereva tukitazama mawingu yakija. Mvua ilinyesha kabla hatujafika nusu ya mifuko. Mingine iligeuka mawe, na mpaka leo kuna mama mmoja huko ana ngazi nzuri sana za kushukia kisimani. Toka siku hiyo, kabla ya kumuuliza injinia chochote, mimi huuliza siku ya chai ni lini.

Baadaye kila dereva akapata simu, nikadhani mbingu zimefunguka. Zamani lori likichelewa ulikaa ukaomba Mungu. Sasa ungeweza kupiga. Kumbe simu ilileta jibu moja tu: "Niko Mosocho." Mosocho ni karibu na mjini kiasi kwamba mtu akisema yuko hapo, unabandika maji ya chai. Kwa hesabu ya simu hizo, Mosocho ilikuwa na malori mengi kuliko watu. Siku moja nilikwenda mwenyewe kuyatazama. Nilikuta akina mama wakiuza nyanya, na mbwa mmoja amelala katikati ya barabara bila wasiwasi wowote.

Tulicheka hivyo mpaka tulipofika Ikonge.

Huko tulipewa kazi ya jengo la akina mama kujifungulia. Kabla ya hapo walijifungulia katika chumba kimoja na wagonjwa wengine, pazia likiwa ndilo ukuta. Kwa Bi Kemunto hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya kwanza ya ghorofa, na wanaume waliokuwa wakigombania kazi hiyo walisema wazi kwamba mwanamke wa misumari hataiweza.

Kwa walio wageni kwenye mjengo, slabu ya ghorofa, yaani sakafu yake ya zege, humwagwa kwa mkupuo mmoja, kutoka ukuta hadi ukuta. Ukisimama katikati, zege la kwanza hukauka, na la pili likija halishikani nalo. Unabaki mstari ambao siku moja uzito utaukumbuka. Kiwanja chetu kilikuwa kidogo na kimeinama, mvua ikishusha mchanga wote kwenye chai ya jirani, kwa hiyo hatukuweza kurundika. Ilibidi mchanga ufike siku ile ile, lori baada ya lori.

Dereva wetu wa mchanga alikuwa Odhiambo, kijana mpole wa kwetu ziwani. Asubuhi ya kumwaga slabu, mixa ya zege ilinguruma, mafundi walikuwa juu, makarai yalipita mkono kwa mkono. Mchanga ulipoanza kupungua nikampigia.

"Niko Mosocho, nyaminwa," akasema. Nyaminwa ni dada yetu, na dada yetu akaamini.

Nilimpigia tena. Alikuwa anatoka Mosocho. Nikampigia tena, akawa amebakisha kidogo atoke Mosocho. Mixa ikanyamaza. Mafundi wakakaa juu ya mbao wakining'iniza miguu, kisha mvua ya alasiri ikaja kutuzika. Odhiambo muda huo wote alikuwa chini ya lori, upande wa Oyugis, mbali kabla ya Mosocho, springi imekatika.

Mkaguzi wa mradi alikuja, akagonga zege kwa nyundo, akapitisha kidole juu ya ule mstari. "Vunjeni," akasema. Akampa Bi Kemunto nafasi moja tu tena. Slabu ikiharibika mara ya pili, kampuni inatoka, kazi inapewa mwingine, na hakuna atakayempa mwanamke huyo jengo lolote kubwa pande hizo. Sote tulijua maana yake. Angerudi kwenye misumari, na sisi tungerudi makwetu.

Aliitisha kikao yadini. Walikuja mwenye machimbo ya kokoto, madereva, mafundi, injinia wetu, Mzee Ondieki na mimi, tukakaa juu ya mifuko ya simiti. Kila mmoja alikuwa amebeba lawama ya mwenzake tayari kwa kuimwaga. Bi Kemunto hakutaka lawama. Alimwuliza Odhiambo jambo moja tu, kwa nini hakusema.

Odhiambo alitazama viatu vyake. "Madam, mtu ataambia mtu habari mbaya kwa simu namna gani? Tena asubuhi? Hata mtu akikufa hatusemi amekufa. Tunasema anaumwa kidogo, njoo nyumbani."

Nilitarajia watu wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Hiyo ni kweli," Mzee Ondieki akasema. "Hata kwetu ni hivyo."

Mwenye machimbo naye akakubali. Alisema mashine yake ya kuponda mawe ikiharibika yeye husema "inapoa." Ndipo nikaona kwamba hatukuwa na waongo katika msururu wetu wa mchanga na kokoto. Tulikuwa na watu wenye adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyotuvunjia slabu.

Nami nilikumbuka jambo ambalo sikuwasimulia. Baba yangu alipofariki, ndugu yangu alinipigia akasema mzee ana homa kidogo. Nilisimama njiani nikamnunulia machungwa. Niliingia lango la nyumbani na machungwa mkononi, nikakuta turubai limeshasimamishwa na watu wananitazama. Sijawahi kumlaumu ndugu yangu. Lakini machungwa mpaka leo siyapendi.

"Sasa kwenu nyumbani," Bi Kemunto akauliza, "hiyo habari mwisho inasemwa na nani?"

Wakasema kuna watu wake. Hatumwi mtu yeyote tu. Anatumwa mwenye moyo, anayejua kuingia na kuketi.

"Kwa kanisa yetu ni mimi," ikasema sauti nyuma yetu. Alikuwa Mama Moraa, aliyetuuzia chai na mandazi langoni, birika mkononi. "Kila mtu akikufa huko kwetu, ni mimi wananituma."

Hivyo ndivyo kampuni ilivyompa simu muuza chai. Kuanzia siku hiyo, kila aliyepatwa na jambo, awe dereva au mwenye machimbo, alimpigia Mama Moraa, na sheria ikawa habari mbaya kwanza, salamu baadaye. Yeye ndiye aliyeniletea mimi. Injinia wetu aliliandikia jambo hili jina refu la Kiingereza katika ripoti, na nasikia sasa mnalipiwa semina mkafundishwe. Mama Moraa aliita kazi hiyo kupokea.

Msidhani ilianza vizuri. Mama Moraa alikuwa na ufundi wake na hakutaka kuuacha. Alikuja ofisini polepole, leso imefungwa kiunoni, akasimama mlangoni.

"Achieng', umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza."

"Mama Moraa, kuna nini?"

"Kaa chini, mama. Mungu ni mwema."

Nilipokuwa nimemaliza kuwalilia ndugu zangu wote moyoni, mmoja mmoja, aliniambia tairi la Odhiambo limetoboka. Ilibidi Bi Kemunto amwombe kwa heshima kwamba matairi yasemwe kwa kusimama. Madereva nao waliipenda huduma kupita kiasi. Mmoja alipiga kusema mkewe amenuna. Mwingine alipiga kusema hajaoga na ana aibu kuingia mjini. Mama Moraa aliwasikiliza wote, akachuja, akaniletea yale yanayogusa mchanga. Hayo mengine aliyabeba mwenyewe, na nadhani ndiyo maana waliendelea kumpigia.

Kwa slabu ya pili tulichagua siku isiyo ya chai. Mzee Ondieki aliacha stoo akaja Ikonge mwenyewe, na Mama Moraa akaja na chupa zake za chai. Kazi ilikwenda kama wimbo. Lori la mwisho la Odhiambo lilikuwa njiani, nalo ndilo lingetufikisha ukuta wa mwisho. Alikuwa amepiga kutoka Mosocho, na safari hii, kwa mshangao wa wote, alikuwa Mosocho kweli, amesimama kukaza kamba za turubai.

Nikamwona Mama Moraa akija, simu kifuani. Hakuniuliza kama nimekula.

"Mama ya Odhiambo amekufa asubuhi hii. Ndugu yake ndiye amepiga. Anasema tusimwambie. Amalize kazi kwanza, wamwambie akifika nyumbani."

Niliangalia juu. Kati ya zege bichi na ukuta wa mwisho kulikuwa na vyuma vitupu, eneo pana kama sebule. Nilitaka sana kunyamaza, sitawaficha. Mila yote ilikuwa upande wangu, ndugu wa damu alikuwa ameniomba, na Odhiambo angefika, angemwaga mchanga, kisha tungemketisha kwa upole tukamwambia mama anaumwa kidogo, nenda nyumbani. Hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Nikaona yale machungwa.

Nilimpigia Bi Kemunto, aliyekuwa mjini, maana slabu ilikuwa yake na mimi sikuwa na haki ya kuipoteza peke yangu. Nilimweleza yote.

"Tulimwambia nini kwa ile kikao?" akauliza.

"Habari mbaya kwanza."

"Hiyo sheria ilikuwa ya madereva peke yao?"

"Hapana, Madam."

"Basi ambieni yeye. Na asiendeshe hata mita moja. Mimi niko njiani. Na mimi nikisema niko njiani, niko njiani."

Mama Moraa ndiye aliyepiga. Nilisimama kando yake. "Odhiambo, mwanangu, zima gari. Umezima? Toa ufunguo. Shuka chini. Uko na nani hapo karibu? Mwite huyo mama wa nyanya, akae na wewe." Akangoja. Kisha akamwambia, kwa maneno machache, bila homa na bila kidogo. Hakukata simu. Alibaki ameishika sikioni, na mimi nilisikia kwa mbali sauti za wanawake wa sokoni wakimpokea mtoto wa mtu.

Nilipangusa uso nikamrudia Mzee Ondieki. Mixa ilikuwa na mchanga wa kuchezea tu. Mzee akasema kuna kanisa jirani linajengwa na lina rundo. Tukaenda mbio, kama wazee wanavyokwenda mbio. Mzee wa kanisa alitusikiliza, akakataa.

"Yaya, hapana. Hiyo mchanga ni ya Mungu."

"Tutairudisha. Na watoto watazaliwa pale ni wa nani?" Mzee Ondieki akamwuliza.

Mzee wa kanisa akafikiri, akasema chukueni. Ndipo Mzee Ondieki, Mungu amrehemu, akatoa chupa yake ya soda mfukoni akaomba maji. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee wa kanisa alisimama amefura, akitazama mchanga wa Bwana ukipimwa tope. Ulikuwa safi, na Mzee akamsifu.

Wilibaro zilikuwa mbili, na njia ilikuwa mteremko wa utelezi. Lakini siku hiyo haikuwa ya chai. Wanawake walikuwa nyumbani, na vikapu vyao vya kuchumia chai vilikuwa vimening'inia kutani bila kazi. Mama Moraa alipaza sauti mara moja tu kwa Kikisii. Wakaja, vikapu mgongoni, wakapanga mstari kutoka kanisani hadi kwenye mixa, wakaibeba slabu yetu kwa migongo. Mmoja wao alikuwa na mimba kubwa. Nikamwambia apumzike, akaniambia jengo ni lake, nimwache alisimamie.

Tulimwaga pole pole, zege lisisimame. Kisha tukasikia lori likipanda kilima kwa gia nzito, likilia. Nyuma ya usukani alikuwa Bi Kemunto, amevaa gauni lake la kwenda mikutanoni, viatu vyake vya kisigino vimewekwa kwenye kiti cha pembeni kama abiria. Zamani dukani aliendesha lori la mabati mwenyewe, kabla hajawa mtu wa kufunguliwa mlango. Dereva wake alikuwa amemwacha Mosocho na gari lake dogo ampeleke Odhiambo kwao. Akashuka bila viatu, akauliza kwa nini watu wamesimama wanamtazama.

Tulifika ukuta wa mwisho matone ya kwanza yakianza, tukafunika kwa maturubai. Mkaguzi alipokuja baadaye aligonga kila mahali, akapitisha kidole, akatafuta. Akatia sahihi, akaomba chai. Kampuni mnayofanyia kazi leo ilibaki hai kwa ajili ya alasiri ile.

Sasa mna kidude kwenye simu kinachoonyesha lori lilipo. Ni kizuri, kitumieni. Kitawaonyesha limesimama, ila hakitawaambia dereva amekaa vipi ndani yake. Kwa hilo mtahitaji mtu wa kupokea.

Odhiambo alirudi baada ya mazishi. Kwao yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, na siku zote za msiba alikuwa akipanga viti, akitafuta ng'ombe, akiwashika wengine mabega. Alinikuta Ikonge, akaomba kuiona slabu. Tukapanda ngazi za mbao. Alitembea hadi karibu na ukuta wa mwisho, akapiga zege kwa kisigino.

"Hii ndiyo ilikuwa mchanga yangu?"

"Kutoka hapo uliposimama mpaka ukutani ni wako. Hapa katikati ni wa kanisa."

Alicheka kidogo. Akasema ndugu yake alikasirika sana na sisi, na kwamba yeye alimjibu kuwa alifika nyumbani kabla hawajamwondoa mama kitandani, akamshika mkono ukiwa bado na joto kidogo. Kisha akaketi hapo hapo juu ya zege akalia, kwa mara ya kwanza tangu Mosocho. Nami nikaketi kando yake, na chini yetu mafundi wakaacha kugonga.